Figo Zimefeli, Nizungumze na Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mkoani Tanga

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila wiki kwenye benchi la kusubiri kliniki, kwenye bajaji ya kurudi Makorora, na usiku kwenye simu. Yamejibiwa na wagonjwa wa figo pamoja na wanaowauguza, si madaktari. Palipo na jambo la kitabibu tumeeleza lile ambalo mgonjwa anapaswa kulijua mapema. Mengine tumekurudisha kwa daktari wako. Kila swali lina namba ili tusirudie maneno.

## Mwanzo kabisa

1. Daktari nimeshamwona. Mgonjwa mwenzangu ataniambia nini ambacho daktari hajaniambia?

Daktari atakwambia kreatinini (takataka ya damu inayoonyesha figo zinachuja kiasi gani) imefika ngapi na mashine ya kusafisha damu inafanya kazi gani. Huenda asikwambie kwamba siku ya mashine usipange safari ya sokoni, kwa kuwa wengi wakitoka pale hulala hadi magharibi. Huenda asikwambie ubebe shuka, maana kile chumba kina baridi na damu yako inazunguka nje ya mwili. Wala hatakufundisha namna ya kumjibu jirani anayeuliza kila akikuona, "Kwani bado hujapona?" Hayo anayajua aliyekikalia kile kiti.

La pili ni woga. Ukiambiwa figo zimefeli, kichwani unaona kaburi. Clyde Shields wa Seattle, Marekani, ambaye huhesabiwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa figo kuwekwa kwenye mashine kwa kudumu, alianza Machi 1960 akiwa mahututi, akaishi miaka 11 zaidi. Ni habari njema, lakini habari ya kusimuliwa haifanyi kazi sawa na kumwona mtu wa Ngamiani ambaye jana alikuwa kwenye mashine na leo amefungua duka lake.

Msimamo wetu ni huu, na utauona hadi mwisho: tafuta mtu mmoja kwanza. Kundi litakuja baadaye.

2. "Kufeli" maana yake nini? Mbona kuna mtu aliwekwa kwenye mashine akapona kabisa?

Kuna kufeli kwa ghafla. Mtu amepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, au amepata malaria kali, kuharisha kupita kiasi, sumu, au dawa imemdhuru. Figo zake huweza kurudi baada ya wiki au miezi, naye akaachana na mashine. Kuna pia kufeli kwa kudumu, ambako hujengeka polepole kwa miaka, mara nyingi kwa sababu ya presha au kisukari. Kipimo cha uchujaji kikishuka chini ya 15, wakati mtu mzima mwenye afya huwa na 90 hivi au zaidi, hiyo ndiyo hatua ya mwisho ya ugonjwa, na hapo mazungumzo huwa ni ya mashine au kupandikizwa. Figo za namna hii hazirudi.

Tunalieleza hili kwa sababu ndilo linalovuruga mazungumzo mengi ya benchini. Aliyepona atakusimulia kwa nia njema kabisa, na wewe utaondoka na tumaini ambalo si lako. Kabla hujachukua ushauri wa mtu, muulize: "Wewe ulikuwa wa ghafla au wa kudumu?" Kama wako hujui ni upi, hilo ni swali la kwanza kumpelekea daktari.

3. Bado sijaanza mashine. Nitafute watu sasa au nisubiri?

Sasa. Kuna jambo moja ambalo kuchelewa kwake kunaumiza: fistula. Ni upasuaji mdogo wa mkononi unaounganisha mishipa miwili ya damu ili mmoja unenepe na kuhimili sindano. Huhitaji wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kukomaa kabla ya kutumika. Anayefika bila fistula huwekewa mpira shingoni, na mpira hupitisha vijidudu kirahisi zaidi.

Wengi huikataa fistula kwa kuogopa jina tu. Mwombe mwenye nayo akuruhusu uweke vidole juu ya mkono wake. Utausikia mtetemo wa damu ikipita. Tumeona watu waliokataa mbele ya daktari wakikubali baada ya kuugusa mkono huo. Mpaka siku yako ifike, muulize daktari ni mkono upi utakaofanyiwa, na huo usiruhusu utolewe damu wala kuwekewa dripu.

## Kuwapata wenzako

4. Nianzie wapi hapa Tanga mjini?

Anzia ulipo. Kwa wagonjwa wengi wa mkoa huu njia inapita Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na benchi la kliniki lina watu wenye hali kama yako, wamekaa kimya kila mmoja na faili lake. Salamu na swali moja dogo, "Umeanza lini kuja hapa?", vinatosha kufungua mlango. Watu wa Tanga hawana shida ya kuzungumza. Shida ni nani aanze.

Ukishaanza mashine kazi inakuwa nyepesi zaidi, kwa sababu wagonjwa hupangwa kwa zamu. Wa Jumatatu watakuwa wale wale Jumatatu ijayo. Kwa kawaida tiba hii hufanywa mara tatu kwa wiki, kwa muda wa karibu saa nne kila mara, ingawa wapo wanaokwenda mara mbili kwa sababu ya gharama. Saa zote hizo umekaa karibu na mtu. Mjue jina lake.

Wengine wa kuulizwa ni muuguzi wa kitengo (swali la 5), afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na usimsahau imamu au padri wako. Viongozi wa dini huitwa kwenye kila nyumba yenye mgonjwa, hivyo wanajua mengi kuliko wanavyosema.

5. Nimwombeje muuguzi? Naogopa ataniona msumbufu.

Usimwombe namba ya mtu. Hana ruhusa ya kukupa, na akikataa usimchukie. Mpe yako: "Sista, samahani. Nimeanza juzi na nina hofu. Kama yupo mama wa umri wangu aliyezoea, naomba umpe namba yangu, akipenda anipigie." Hapo siri ya kila mtu imelindwa, na anayepiga amepiga kwa hiari yake.

Sema unamtaka mtu wa namna gani. Mwanamke anayetaka kuuliza mambo ya hedhi au unyumba hatayauliza kwa mzee wa kiume, na kijana wa miaka 22 ana maswali ya kazi na ndoa ambayo babu wa miaka 70 ameshavuka.

6. Mimi natoka mbali: Lushoto, Kilindi, Handeni, Pangani. Nitakutana nao vipi?

Kwa mtu wa mbali mazungumzo si tatizo la kwanza. Tatizo ni nauli na pa kulala. Kwa hiyo uliza hasa: "Yupo anayetoka njia yetu?" Wawili wanaoshuka stendi ya Kange siku moja wanagawana bajaji. Wapo wanaochanga kodi ya chumba kimoja karibu na hospitali, mmoja akilala siku zake na mwingine zake. Na aliyetangulia anajua ni bibi gani anapangisha bila kumwogopa mgonjwa.

Siku usizokuwa mjini tumia simu, ila pangeni siku. "Tutapigiana" bila siku huishia kuwa kimya cha mwezi.

7. Naona haya. Watu watasema nimerogwa, au wataogopa kula nami.

Ugonjwa wa figo hauambukizwi kwa kugusana, kula pamoja wala kulala chumba kimoja. Jibu la kurogwa huwa halimalizwi kwa mabishano, hivyo usijichoshe nalo.

Kuzungumza na mgonjwa mwenzako si kujitangaza. Huhitaji kuliambia baraza zima la kahawa. Mtu mmoja, kwa simu, tena ukitaka bila kumtajia mtaa unaokaa, ni mwanzo halali kabisa.

8. Makundi ya WhatsApp ni salama?

Yapo mazuri na yapo ya hovyo, na mara nyingi kundi zuri huharibiwa na watu watatu. Usitume picha ya majibu yako yenye jina na namba ya faili. Ondoka palipo na msimamizi anayeuza dawa. Ukiombwa "ada ya kuunganishwa na mfadhili", huyo ni tapeli, hata kama picha yake ina koti jeupe. Na zima sauti usiku, kwa sababu taarifa za misiba huingia saa nane.

## Mazungumzo yenyewe

9. Nikishampata, nimuulize nini?

Uliza ya maisha, uache ya vipimo. Unakula nini siku ya mashine? Unafanyaje kiu? (Wengi hunyonya kipande cha barafu au kusukutua na kutema.) Kazini uliwaambia nini? Ulimwambiaje mtoto? Siku ya kwanza sindano iliuma kiasi gani? Ni kitu gani ungetamani ungeambiwa mapema? Hilo la mwisho huleta majibu marefu, kaa usikilize.

Usimuulize "Nipunguze dawa hii?" Dozi yake imepimwa kwa mwili wake.

10. Mgonjwa mwenzangu anakula machungwa na kunywa madafu. Mbona mimi nimekatazwa?

Swali hili ni la Tanga hasa, kwa sababu msimu wa machungwa ya Muheza ukifika hakuna nyumba isiyo na kapu. Machungwa, ndizi, madafu, mihogo na viazi vina potasiamu nyingi. Figo zilizofeli haziitoi, ikipanda inaweza kusimamisha moyo, na mara nyingi hakuna dalili ya kukuonya.

Huyo mwenzio huenda bado anapata mkojo wa kutosha, huenda anakwenda mashine mara tatu wewe mara mbili, huenda vipimo vyake vya mwezi huu viko chini. Au huenda anakosea. Kwa kumtazama huwezi kujua. Chukua kwake mbinu, kama kumenya mihogo au viazi, kukata vipande vidogo, kuchemsha kwenye maji mengi na kuyamwaga ili kupunguza potasiamu. Kiasi cha kula chukua kwa daktari au mtaalamu wa lishe.

Papa na ng'onda wana chumvi nyingi. Chumvi huleta kiu, kiu huleta maji, na maji yasiyotoka hukaa kwenye miguu na mapafu. Na vikombe vya kahawa vya barazani navyo huhesabiwa, vidogo vile vile.

11. Amenishauri niache mashine ninywe dawa ya mitishamba. Nifanyeje?

Usiache. Mwenye figo zilizofeli kabisa akiacha mashine, maji na potasiamu hujaa mwilini ndani ya siku chache, na wengi hawamalizi wiki chache. Ipo mimea inayojulikana kuharibu figo zenyewe, na chupa ya kibandani haisemi imechanganywa nini. Kama umeshakunywa, mwambie daktari bila kuficha. Kugombezwa ni nafuu.

Anayekushauri hivyo si lazima awe mbaya. Mara nyingi naye amechoka. Endelea kumsalimu, ushauri muachie. Na tukiwa hapo hapo: vidonge vya maumivu vya duka la dawa kama diklofenaki na ibuprofeni navyo huumiza figo. Usivinunue kwa kuwa mwenzio anavinunua.

12. Mwenzangu wa kiti cha jirani amefariki. Sitaki tena kumjua mtu pale.

Hili ndilo gumu kuliko yote humu, wala hatuna jibu la kuliondoa. Umekaa naye miezi, unajua jina la mjukuu wake, halafu Jumatano kiti kina mtu mwingine na hakuna aliyesema neno. Wauguzi wakati mwingine hunyamaza kwa kudhani wanawakinga.

Yaliyotusaidia sisi ni kuuliza waziwazi badala ya kukisia. Kwenda msibani kama nguvu ipo, au kutuma ubani kwa pamoja. Na kumtaja marehemu kwa jina kwenye zamu ile. Wengine walipumzika kuzungumza kwa wiki kadhaa, wakavaa spika za masikioni, na wenzao wakawaelewa. Si lazima kila zamu iwe ya maongezi. Ila ukiona hulali, huli, au unawaza kuacha mashine ili yaishe, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Msongo wa namna hiyo una tiba yake.

## Nyumbani

13. Mimi ndiye ninayemuuguza. Nami nina wa kuzungumza naye?

Unaye, na yuko nje ya mlango ule ule, kwenye viti vya plastiki, ameshika mkoba wa mgonjwa wake. Wauguzaji huulizwa kila kitu isipokuwa hali zao. Mke aliyefunga genge lake ili ampeleke mumewe mara tatu kwa wiki ana uchungu ambao hawezi kumwambia mume, maana atamvunja moyo, wala mama mkwe, maana ataonekana amechoka mapema. Atamwambia muuguzaji mwenziwe wa benchini. Kaeni pamoja, na mkizoeana mnaweza kupokezana: leo wewe unawaangalia wote wawili, mwenzio akapumzike.

14. Baba hataki kuzungumza na mtu. Anasema "wagonjwa wataniongezea ugonjwa."

Msimlazimishe. Wazee wengi hawapendi kikao cha kueleza hisia, lakini hawakatai bao. Mleteeni mwenzake kama mgeni, si kama mshauri. Amkiane naye, wanywe chai (kiasi), waongelee Coastal Union. Habari ya figo itaingia yenyewe, pengine ziara ya tatu. Isipoingia pia sawa.

15. Ndugu wameanza kuulizana nani atatoa figo. Wa kuzungumza naye ni nani?

Anayefikiria kutoa azungumze na aliyetoa, na anayengoja azungumze na aliyepokea. Msiwachanganye chumba kimoja, kwa sababu mtoaji hatasema hofu yake mbele ya kaka yake mgonjwa.

Upandikizaji wa figo ulianza nchini Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Kwa hiyo wapo Watanzania waliotoa figo miaka kadhaa iliyopita na wanaendelea na shughuli zao. Kliniki za huko zinaweza kuulizwa kwa njia ile ya swali la 5. Mtoaji ana haki ya kubadili nia hadi dakika ya mwisho. Kuuza figo ni kosa, na anayekuletea "mtoaji" wa kulipwa mkatae. Na ieleweke mapema: aliyepandikizwa hunywa kila siku dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya, kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi.

## Fedha na imani

16. Wenzangu wanalipaje?

Kwa mchanganyiko: bima, mshahara wa mtoto aliyeko Dar es Salaam, shamba lililouzwa, mchango wa msikiti au jumuiya, upatu. Vifurushi vya bima hutofautiana, hivyo uliza ofisi ya bima hospitalini kifurushi chako kinalipia mara ngapi kwa wiki, kisha uliza wenzako ni karatasi gani huchelewesha. Karatasi ndizo wanazozijua wao. Asiye na uwezo aende kwa afisa ustawi wa jamii kabla deni halijakua. Barua ya serikali ya mtaa husaidia.

Usimkopeshe mgonjwa mwenzako pesa ya mashine yako. Linavunja urafiki, na wote wawili mnabaki bila kitu.

17. Ramadhani inakuja. Wengine kwenye zamu wanafunga.

Daktari wako aseme kwanza, kisha sheikh. Dini imemwekea mgonjwa ruhusa ya kula, na ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona hulipa fidia ya kulisha maskini. Tumeona watu wakifunga kwa kuona haya mbele ya wenzao, na hapo mwenye umri kwenye zamu akisema wazi "mimi nalipa fidia", anawafungulia njia wengine.

Hatari kubwa iko kwenye futari. Tende, ndizi, magimbi na mihogo ya nazi kwenye sinia moja ni potasiamu tupu, na kiu ya mchana hulipwa kwa maji ya usiku kucha. Rejea swali la 10.

## Mambo yasiyo ya kila siku

18. Mgonjwa ni mtoto.

Mtafutie mzazi mwenzako, si mgonjwa mtu mzima. Simulizi za watu wazima humtisha mtoto. Huduma ya watoto mara nyingi huhitaji rufaa nje ya mkoa, hivyo uliza huko wodini. Mtoto mwenyewe akipata rafiki wa umri wake hata wa kucheza naye mchezo wa simu tu, inatosha.

19. Nasafiri kwa wiki mbili. Nitawekwa kwenye mashine nyingine?

Panga mapema. Kituo cha ugenini kitataka barua ya daktari, uzito wako mkavu (uzito baada ya maji ya ziada kutolewa), na majibu ya homa ya ini B na C pamoja na VVU. Mwenzio aliyewahi kusafirishiwa tiba atakwambia kituo kipi hupokea simu.

20. Mgonjwa wetu hataki kuanza mashine kabisa, au anataka kuiacha. Bado anahitaji wenzake?

Anawahitaji zaidi. Kwanza hakikisheni anakataa akiwa anajua anachokataa: woga, deni na huzuni huzungumza kwa sauti ya uamuzi. Mtu aliyekataa kisha akakubali ni wa kumsikiliza. Akishaelewa yote na bado asitake, ipo tiba ya kupunguza maumivu, kichefuchefu na kuhema, na daktari aulizwe habari zake. Wenzake waje kumwona kama kawaida. Wasije kumshawishi upya kila siku.

21. Tunataka kuanzisha kikundi chetu. Kinaweza kufanya nini?

Mengi. Mwaka 1969 wagonjwa wachache wa mashine katika hospitali moja ya Brooklyn, Marekani, walianzisha chama chao. Tarehe 4 Novemba 1971 mmoja wao, Shep Glazer, aliwekwa kwenye mashine mbele ya kamati ya Bunge la huko, wabunge wakitazama. Oktoba 1972 ikasainiwa sheria ya serikali kulipia tiba hiyo kwa karibu kila raia mwenye figo zilizofeli. Wanahistoria hubishana ni kiasi gani tukio lile lilichangia, lakini hakuna anayebisha kwamba wagonjwa walikuwa mstari wa mbele.

Ninyi anzeni na watu wanne na mwenyekiti asiyependa maikrofoni. Kutaneni siku isiyo ya mashine, saa kumi, mahali pasipo na ngazi. Wageni wapya wawe na mtu mmoja wa kuwapokea, si kundi zima. Siku ya Figo Duniani huangukia Alhamisi ya pili ya Machi. Iombeni hospitali iwape dakika chache siku hiyo, maana huja watu wengi kupima presha na sukari.

Fedha acheni hadi mjuane. Mkianza kuchanga, andikeni daftari la wazi, wekeni watia saini watatu, kisha nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri kuulizia usajili. Na kwa kuwa mweka hazina naye ni mgonjwa, awepo msaidizi asiye mgonjwa anayejua daftari lilipo.